Pindo la Wakonyo

Wakonyo aliamka na hasira siku hiyo, na haikuwa ya siku hiyo peke yake. Ilikuwa ya siku tisa. Siku tisa vitambaa vyake vya mapazia vimefungiwa kwenye ghala la forodha kule Kiganjo, na siku tisa mji mzima wa Nyeri umesikia kutoka kinywani mwake kwamba Jackton, wakala aliyejaza karatasi za mzigo, ni mwizi.

"Mwizi wa mchana!" aliwaambia wateja dukani. "Anakula pamoja na hao watu wa forodha!"

Nani angembishia? Alikuwa ameshona mapazia miaka ishirini na miwili, tangu alipoanzia kule Wamagana, kwa cherehani ya kukanyaga kwenye veranda ya duka la mtu, mvua ikimpiga mgongoni. Na kazi aliijua, jamani! Aliwahi kumfukuza fundi saa nne asubuhi, chai yake haijapoa, kisa amepinda mkunjo mmoja badala ya miwili. "Pazia haitoki hapa na ncha mbichi ya kufumuka," alimwambia. "Wewe unataka watu waniseme?" Fundi akachukua koti lake akaenda zake.

Mzigo huu ndio ulikuwa wa kwanza kuagiza mwenyewe ng'ambo. Alitaka vipande vya mita tano tano, ncha zimezungushiwa uzi wa overloki tu zisifumuke, bila kukunjwa, aje apinde mwenyewe kwa kipimo cha dirisha la mteja. Jackton akaandika hivyo hivyo: kitambaa. Forodha wakasema hapana, hivi vimepindwa, na kilichopindwa si kitambaa tena bali bidhaa iliyokamilika, na fungu lake la ushuru ni lingine. Mwenye mzigo asipojieleza vizuri, jina lake litaingia kwenye orodha ya waongo na hataagiza tena hata leso.

"Tukubali tu fungu lao, Mama Theuri," Jackton alimsihi Wakonyo kwenye simu. "Tutoe mzigo, mambo yaishe."

"Nikubali ati mimi ni mwongo? Mimi? Ishindwe! Hiyo ni overloki, na wewe unajua!"

Basi Jackton huyo huyo anayeitwa mwizi akaenda akaomba mzigo ufunguliwe mbele ya mwenye mzigo, akakubaliwa.

Wakonyo aliingia ghalani akiwa tayari ameanza kusema. Wapakuzi walisimama kumsikiliza. Afisa, Phoebe, mama mtulivu wa miwani, alikuwa amekaa na faili yake.

"Madam, wewe umewahi kushona hata kifungo? Overloki na pindo unazijua? Nipe wembe nikufundishe!"

Phoebe akampa wembe.

Wakonyo akachana robota, akavuta kipande cha kwanza, akageuza ncha alioneshe ghala zima. Mkunjo mmoja. Chini yake, mkunjo wa pili. Kwenye kona, mshono umerudi nyuma mara tatu. Akavuta kingine. Mara tatu. Akavuta cha chini kabisa. Mara tatu.

Katika Nyeri yote hakuna fundi anayerudi mara tatu kwenye kona ila yeye Wakonyo.

Ndipo akaikumbuka sampuli aliyowatumia watengenezaji wa ng'ambo pamoja na barua ya kuagiza. Aliikata mwenyewe, na kabla ya kuitia kwenye bahasha mkono ukaenda wenyewe kwenye cherehani. Angewatumiaje wageni ncha mbichi? Wangemfikiriaje? Barua ilisema overloki, lakini chini yake alikuwa ameandika: tengenezeni kama hiki. Wakatengeneza kama hicho, vipande vyote.

Hasira haikuisha. Ilikosa tu mtu wa kumwendea, ikarudi kwa mwenyewe, na huko ilichoma vibaya sana.

"Ni overloki, mama?" Phoebe akauliza.

"Ni pindo," Wakonyo akasema. "Na ni langu. Nilishona sampuli nikasahau."

"Basi huo si uongo, ni kosa. Eleza hapa, tubadilishe fungu, uchukue mzigo wako. Jina lako halina shida."

Akaandika, akatia sahihi. Hakuna aliyemsumbua tena.

Nje, Jackton alikuwa ameegemea ukuta na mfuko wake wa kubebea karatasi za wateja. Kila mara ulikuwa umevimba hadi zipu haifungi. Leo ulikuwa umefungwa vizuri.

"Jackton. Wateja wako wameenda wapi?"

"Walichukua karatasi zao. Walisema wamesikia mambo." Hakumwangalia. "Nimebaki na wewe na mzee mmoja wa Wang'uru. Yeye hajafika Nyeri wiki hizi mbili, hajasikia."

"Nitawaambia! Nitasimama pale pale dukani, niseme kwa sauti ile ile!"

"Sema, Mama Theuri," Jackton akajibu, akampa risiti zote za mzigo wake mkononi. "Na mzigo ujao, tafuta wakala mwingine."