Mafuta ya Nazi Kwenye Bawaba

Sogea unisikilize. Kama una kompyuta ya mapajani ambayo kioo chake hakisimami, usiogope. Ni kazi ya bisibisi ndogo na subira. Ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa ya wifi yangu, dada wa mume wangu, na kilichonipa tabu ni subira.

Alikuwa amekaa kwetu Bagamoyo miezi saba, na hatukupendana. Siku hiyo saa nane mchana alikuwa na usaili kwa njia ya video, wa kazi ya hifadhini kule Saadani. Kioo kilianguka nyuma kila alipokisimamisha, na wiki nzima alisema nimekivunja mimi nilipokuwa nafagia. Nami nilitaka aipate kazi ile kuliko alivyoitaka mwenyewe. Saadani ni mbali.

"Lete nikikaze," nikamwambia.

"Umalizie kukiua?"

"Kama una fundi, mpelekee."

Hakuwa naye. Akaibwaga kompyuta mezani kama sahani chafu, akavuta kiti akae kunilinda.

Nikaizima, nikachomoa chaja. Kwa kadi kuukuu ya benki nikabandua polepole fremu ya plastiki inayozunguka kioo, huku nikimweleza kila hatua, maana kazi ya kimya siiwezi.

"Nani kakuuliza?" akasema. "Kaka yangu kaoa mke au redio?"

"Redio ungeizima, wifi. Nishikie hii skrubu."

Akaishika.

Fremu ilipotoka, harufu ilinifika kabla sijaona kitu. Nikafuta bawaba kwa pamba, nikamsogezea.

"Nusa."

"Ninuse nini?"

"Nusa tu."

Akanusa, akageukia dirishani. Ilikuwa nazi. Huku kwetu bawaba za milango huliwa na chumvi ya bahari, na kila nyumba huzipaka mafuta ya nazi. Lakini mlango unatakiwa uteleze. Kioo kinatakiwa kikwame palepale unapokiacha.

"Ilikuwa inalia," akasema. "Na mlango wako wa choo niliupaka pia, mbona huo hukulalamika?"

"Wiki nzima, wifi. Mbele ya mume wangu."

"Kaza hicho kitu. Muda unakwenda."

Ningeweza kuiacha pale, wazi. Niliwaza hivyo, sikufichi. Kisha nikawaza miezi mingine saba. Nikafuta mafuta yote kwa spiriti, nikakaza nati za bawaba kidogo kidogo, maana ukizidisha plastiki hupasuka. Kioo kikasimama, nikarudisha fremu na skrubu zake. Akaibeba bila kushukuru, akajifungia chumbani. Mlango wa chumbani nao haukulia.

Kazi aliipata. Jana kaniandikia kutoka Saadani, neno moja bila salamu: kimelegea. Nimemjibu kama ninavyokuambia wewe: zima kwanza, bandua fremu, kaza nati robo mzunguko, jaribu kioo, rudia kama bado kinaanguka, na mafuta ya nazi yaache jikoni.