Nilimwandikia mama mkwe "umeua", nusura nikose mke

Wakuu heshima kwenu, na walionizidi umri shikamooni.

Hili limenikuta mwenyewe na sijaliongezea chumvi. Mchumba wangu amelisoma kabla sijapost, akaniambia niache kama lilivyo. Majina tu ndiyo nimegeuza.

Mimi nina steshenari hapa Iguguno. Photocopy, passport size, kujazia watu fomu. Mchumba wangu, tumwite Neema, ni mwalimu wa shule ya msingi hapahapa. Kwao ni Kinampanda, na mama yake anaishi kule.

Huyo mama ndiye mchanjaji wa kuku wa kijiji. Ana kichupa chake cha chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, anapita nyumba kwa nyumba anamdondoshea kila kuku tone moja jichoni. Na anaipenda kazi yake jamani. Akianza kukuelezea kuku, unaweza kukosa usafiri wa kurudi.

Mwaka huu Neema akamnunulia simu ya kupangusa. Mama akawa hashikiki. Leo picha ya mboga, kesho picha ya jogoo, keshokutwa picha ya kidole chake kimeziba kamera.

Jumamosi moja asubuhi niko dukani, ikaingia picha. Mama kasimama mlangoni kwake, kavaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya sendoff ya binti yake. Kilemba juu, mkono kiunoni. Chini kaandika: "Baba unaonaje?"

Nikajibu kama ninavyowajibu washikaji zangu:

"Mama umeuaaa!!!"

Kwa ambao hamko mjini sana: mtu akipendeza kupita kiasi, au akifanya kitu kwa ufundi wa hali ya juu, vijana tunasema ameua. Ni sifa kubwa hiyo.

Kisha ikaja: "Nimeua nini baba?"

Nikajua ananitania, anataka asifiwe tena. Wakuu, hapa ndipo nilipojimaliza. Nikaandika:

"Usibishe mama, umeua bila huruma. Siku hiyo Kinampanda nzima hapatapona mtu."

Na emoji za moto nikaweka.

Akasoma. Hakujibu. Nikarudi kwenye photocopy zangu najiona mkwe bora wilaya zote mbili, Iramba na Mkalama.

Jumapili kimya. Jumatatu akanipigia mshenga wangu, mzee Makala, ndiye aliyenisemea kwa wakwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, umemwandikia nini mama wa watu?"

"Nimemsifia gauni tu mzee."

"Gauni? Mama anasema umemwita muuaji. Anasema kama unamtukana hivyo kabla hujaoa, binti yake haji huko."

Nikamwomba anieleze vizuri.

Mzee ndiye aliyenifungua macho. Wiki kadhaa nyuma, mama alichanja kuku wa jirani yake, Mama Elia. Siku ya tatu vifaranga wakaanza kufa, karibu wote wakaisha. Mama akajua dawa yake ndiyo imeua. Hakumwambia mtu, hata Neema, mpaka alipokwenda kunishtaki kwa mzee. Akaacha kabisa kupita njia ya kwa Mama Elia. Sasa akiwa katika hali hiyo, mkwe mtarajiwa kutoka Iguguno anamwandikia "umeua bila huruma", na kwamba kijiji kizima hakitapona.

Jamani, hata mimi ningelia.

Saa ya mapumziko Neema akaja dukani. Hakukaa.

"Ungeandika umependeza, ungepungukiwa nini?"

Nikamwambia kesho naenda kwao mwenyewe.

Jumanne nikafunga duka, nikawasha pikipiki hadi Kinampanda. Nilimkuta mama sebuleni na mzee Makala. Mama Elia naye alikuwepo, mzee alimwita, kwa sababu mama aliamini yeye ndiye aliyenipa habari za vifaranga.

Nikatoa shikamoo. Mama akaitikia akiangalia ukutani.

Nikamwomba mzee nizungumze. Nikaeleza kwamba sikujua lolote kuhusu kuku. Nikatoa simu, nikawaonyesha meseji nilizowatumia rafiki zangu. Mmoja kafunga goli, nimeandika ameua. Mwingine kapaka nyumba rangi, ameua. Mwingine kanyoa nywele tu, ameua.

Mzee Makala akazisoma zote, simu kaiweka mbali na macho. Kisha akauliza, na uso wake haukuwa na utani hata kidogo:

"Kwa hiyo nyie vijana mtu akifanya vizuri ndiyo mnamshtaki?"

Mama Elia akacheka peke yake. Halafu akaacha, akamgeukia mama.

"Dada, wewe unadhani dawa yako ndiyo iliua vifaranga wangu?"

Mama akainamisha kichwa.

"Walikuwa wameshaanza kuzubaa siku mbili kabla hujaja," Mama Elia akasema. "Ulipouliza kama kuna mgonjwa, nikakwambia wote wazima. Niliogopa ungeniruka, usinichanjie hata mmoja. Nimeona haya kukufuata mpaka leo. Nikadhani hupiti kwangu kwa sababu umegundua nilikudanganya."



Mama alimtazama. Kisha akaanza kucheka, machozi yanamtoka hapohapo, akajifuta kwa khanga. Akampiga Mama Elia begani, "Mwanamke wewe!" Wakashikana mikono wanacheka kama wasichana.

Mimi nikabaki nimeshika simu yangu.

Tulikula ugali wa mtama na kuku, na sikuruhusiwa kuondoka mpaka nimefundishwa dalili zote za kideri, kuanzia kuzubaa mpaka shingo kupinda. Safari hii nilisikiliza mpaka mwisho. Ndoa ipo palepale, tunasubiri alizeti zivunwe.

Nilichojifunza siyo kwamba tusiongee kisasa na wazazi. Mama aliniuliza "nimeua nini baba?" na mimi nikacheka. Lile lilikuwa swali kweli. Ningempigia simu wakati ule, ningeisikia sauti yake ikitetemeka, na nadhani asingebeba mzigo ule hata siku moja zaidi. Siku hizi mzee akiniuliza kitu kwa meseji, napiga.

Nawaachia ukumbi. Ni neno gani la mtaani lilishawaponza kwa mkubwa, na mlijinasuaje? Na wafugaji mliomo humu, msimfiche mchanjaji kuku mgonjwa.