Fundo Shingoni mwa Mama Breki

Tarehe 11 Februari 2020, mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi wake wote humwita Mama Breki alitolewa tezi ya shingo pamoja na uvimbe wa saratani uliokuwa ndani yake. Wiki ya tatu alikuwa kazini, bandeji shingoni, akimfokea karani wa posta aliyekuwa akiendesha huku anatazama gia.

Jina hilo alilipata kwa haki. Gari la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu, na mguu wake wa kulia haubanduki kwenye hiyo ya pili. Chuoni kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote: siku Mama Breki akivua kiatu cha kulia na kukunja mguu kitini, mwanafunzi ameiva, apelekwe kwenye mtihani. Wengine huchukua mwezi mmoja. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, muuza magodoro mwenye sauti kubwa na maoni juu ya kila kitu, alikuwa na mwaka wa pili na kiatu hakijavuliwa.

"Shemeji, mimi tatizo langu ni kurudi nyuma tu," alizoea kujitetea.

"Na ukuta wa chuo tatizo lake ni wewe."

Mapema mwaka huu Mama Breki alikwenda kupigwa skani ya ufuatiliaji. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, kisha mashine inatazama ni wapi mwilini inakoliwa kwa pupa, kwa kuwa saratani ina ulafi huo. Palepale kwenye kovu pakawaka doa lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Mtaalamu wa picha akasema linatia shaka. Daktari akashauri wasiharakishe: watavuta chembe kwa sindano, zipimwe maabara. Mama Breki alisikia neno "shaka", mengine yote yakampita.

Hakulia. Alifanya jambo baya zaidi, akawa mpole. Mwanafunzi mmoja alizima injini mara nne katikati ya makutano, akaambiwa asijali, kila mtu alianza hivyo. Walimu wenzake wakaanza kunong'ona. Kisha akamchukua shemeji uwanja wa mazoezi, akavua kiatu, akakunja mguu, akatazama dirishani. Shemeji akarudi nyuma, akalaza koni mbili na kuiburuta ya tatu.

"Safi," alisema Mama Breki. "Wiki ijayo unaenda mtihani."

Muuza magodoro akazima gari.

"Koni iko chini ya gari, shemeji."

"Nimeisikia."

"Vaa kiatu."

"Leseni unaitaka huitaki?"

"Naitaka. Ila ukinipa namna hii, ina maana umeshajizika. Nikamwambie nini mdogo wako, kwamba nimerithishwa leseni?"

Jina la shemeji lilipelekwa kwa mtahini hata hivyo.

Sindano ilipigwa, na siku ya majibu alisindikizwa na mdogo wake. Daktari, mtu mrefu anayeongea polepole kuliko subira ya wagonjwa wake, alianza na la maana.

"Saratani haipo. Kuna uzi."

Akaeleza. Wakati wa upasuaji walifunga mshipa kwa uzi wa hariri, ambao hauyeyuki. Mwili ukauona kama mvamizi, ukauzingira kwa chembe za kinga, na chembe hizo zikiwa kazini nazo hula sukari kwa pupa. Mashine huona tu kwamba sukari inaliwa, haina namna ya kujua mlaji ni nani.

"Uzi wa nani?" aliuliza Mama Breki.

"Wetu."

"Yaani mlinifunga fundo, mkanipiga picha, mkashtuka kuona fundo?"

"Kwa kifupi, ndiyo."

Mdogo wake aliinamia meza ya daktari, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyeweza kusema kama anacheka au analia.

Kabla hawajafika kwenye ngazi, Mama Breki alikuwa kwenye simu na mtahini. "Mwondoe yule wa magodoro. Hapana, haumwi. Hajui kurudi nyuma."

"Dada, si ungemwacha ajaribu tu?"

"Ajaribu wapi, barabarani? Huko kuna watu."

Shemeji alipopewa habari alisema sasa ndiyo ameamini kwamba mgonjwa ni mzima, kisha akanuna mpaka jioni.

Uzi hautatolewa, maana hauna madhara. Mwezi wa nane Mama Breki atapigwa picha nyingine, na safari hii mtaalamu ataambiwa mapema kwamba shingoni kuna fundo la hospitali.