Vidonge Viwili Kwenye Pindo la Kitenge

Radi ilipiga saa nne asubuhi, nikiwa naingiza wagonjwa wa siku ile kwenye kompyuta. Ilikuwa mwaka 2013, msimu wa mvua, katika kliniki moja ya Kasulu nilikopangiwa kazi ya takwimu. Umeme ulikatika, jenereta likawashwa, kompyuta ikarudi. Nilipofungua faili la wagonjwa, likajibu kwamba limeharibika na halisomeki. Nikajaribu tena, jibu lile lile.

Faili lile ndilo lililojua nani anameza dawa gani. Karatasi tulishaacha kuzijaza, na aliyeshikilia tuziache ni mimi. Nilitoka Dodoma na diploma yangu na mdomo wangu, nikawaambia wauguzi kwamba daftari ni mambo ya kizamani.

Nikakimbilia flashi, maana kila Ijumaa nilikuwa nakopi. Ndani nikakuta kitu kidogo mno. Miezi yote ile nilikuwa nimekopi ile alama ya kwenye skrini inayofungulia faili, si faili lenyewe. Nilitunza ufunguo, nyumba imeungua.

Sista, muuguzi mkuu wetu, akachungulia. "Kuna mama wa Makere hapa na mwanawe. Kadi yao imelowa, haisomeki. Dawa ya kwanza ilimmaliza mtoto damu, karibu tumpoteze. Daktari akambadilishia mwezi uliopita nikiwa likizo, na sasa yuko masomoni, simu haipatikani. Niambie alimwandikia ipi."

"Dakika tano," nikasema. Uongo mtupu.

Mama alikaa kwenye benchi karibu na mlango wangu, mtoto kamlalia mapajani. Nilimkumbuka. Kliniki yetu ilikuwa na desturi ya kuhesabu vidonge vilivyobaki: vikizidi, maana yake umeruka dozi. Kuhesabu ilikuwa kazi ya Sista. Kufoka nilijipa mwenyewe, na yule mama nilishamfokea mbele za watu.

Kompyuta ikaniuliza kama nataka ilitengeneze faili, ikaonya kwamba isichoweza kukisoma itakitupa. Nikatoa kwanza nakala ya faili bovu, hilo angalau nilifundishwa nikashika, kisha nikaanza kutengeneza ile nakala. Mstari wa kijani ulitambaa polepole, ukasimama, ukatambaa tena. Nilisali, mimi ambaye kanisani naonekana Krismasi. Kila mara mtoto alipokohoa pale nje, nilishtuka.

Faili likafunguka. Majina yapo. Mtoto wa Makere yupo, na dawa yake ipo. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamtajia Sista dawa kwa sauti ya ushindi, akaishusha chupa kutoka rafuni. Tarehe ya hudhurio sikuitazama.

Mama aliitazama chupa, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Mkono wake ukaenda kwenye pindo la kitenge, ukasita.

"Una nini, mama?" Sista akamuuliza, kisha akarudia kwa Kiha, taratibu.

Akalifungua fundo. Vikatoka vidonge viwili, virefu, vimelainika kwa jasho. Sista akamimina kimoja kutoka kwenye chupa, akakiweka kando ya vile. Kilikuwa cha mviringo.

"Basi hii niliyoshika ndiyo ile ya kwanza," Sista akasema. "Ndiyo iliyommaliza damu."

Nikarudi kwenye skrini. Hudhurio la mwisho la mtoto lilikuwa la miezi mitatu nyuma. Yote yaliyofuata, kompyuta ilikuwa imeyatupa kimya kimya, kama ilivyoonya. Nami nilikuwa nimemtajia Sista dawa ya kumuua mtoto, tena huku natabasamu.

Sista alishairudisha chupa, anafungua nyingine, yenye vidonge virefu. Nikamgeukia mama.

"Mbona hukuvionyesha tangu mwanzo?" Hata hapo sauti yangu ilikuwa juu, kwa mazoea.

Akamvuta mtoto kifuani. "Vimebaki viwili, dokta. Niliogopa utanifokea."

Mimi si daktari. Nilitaka kumwambia hivyo, na nimwambie asante, lakini nikabaki nimemkodolea macho. Akadhani nimekasirika, akaanza kuniomba msamaha.