Unaumwa Wapi Leo?

Kila asubuhi pale Kailua, kabla Kehau hajapanda ubao wake wa kupigia kasia majini, mwalimu wake humuuliza, "Unaumwa wapi leo, anti?" Akijibu mikono, humgeuzia kasia, maana amelishika kinyume tena. Akijibu nyayo, humtazama vidole vya miguu vilivyoung'ang'ania ubao. "Legeza. Ubao hauna mwizi." Sauti yake haipandi. Kwa kidole gumba chenye sugu hujigusa mbavu, kuonyesha nguvu inakotoka, kisha hutazama pembeni. Kehau hamwelewi. Jumamosi majivu ya mama yake yatamwagwa baharini nje ya miamba, na ndugu zake wamemwambia ngalawa itakayoyabeba imejaa, basi atawafuata peke yake, amesimama juu ya ubao. Na mshika usukani wa ngalawa hiyo ni huyuhuyu anayemfundisha bure. Yuko upande wa nani?

Ijumaa alimwambia, "Mikono haiumi, anko. Mbavu ndizo zinaniua." Mwalimu alilifuta kasia kwa fulana yake, taratibu, mpaka ncha. "Basi kesho nitawapeleka ndugu zako polepole," akasema. "Usiangalie maji. Angalia mgongo wangu." Akampa kasia kinyume. Kehau hakujua amshukuru au amtukane. Aliligeuza mwenyewe.