Makoti Mekundu Makaburini Lidcombe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa, na sisi wanne tumesimama kwenye pembe nne za kaburi, tumevaa makoti mekundu ya kukodi na glavu, kidevu juu, mikono ubavuni. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa dakika.

Marehemu alikuwa jirani yangu hapa mtaani Granville, huku ughaibuni, mzee wa Kirundi. Ujanani alisimama lindo kwenye lango la mwami, kabla ufalme haujafutwa. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tukitazama kwenye simu yangu walinzi wa kifalme wa Ulaya wakipokezana lindo. Kofia zao za manyoya alizicheka, lakini hatua zao alizihesabu. Alipolazwa hospitali ya Westmead, ambako ninasukuma vitanda vya wagonjwa, alinishika mkono.

"Siku yangu ikifika, nisimamiwe lindo. Msitikisike mpaka mwisho."

Niliahidi.

Shule niliiacha darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, mengine nimejifundisha. Basi nilitazama video, nikaandika hatua kwenye daftari, nikawafunza wanaume watatu wa kanisani kwetu. Mmoja wao, Mkongomani anayefanya kazi ghalani, hakuacha utani, akiniita shefu, yaani mkuu.

"Shefu, nzi akiingia puani?"

"Unamwacha."

"Akitaga mayai?"

"Unayalea, bwana. Simama!"

Sasa dereva wa mashine ya kufukia akawasha injini. Nilikuwa nimemuuliza mapema kazi yake ingechukua muda gani. Alisema dakika sita, nami nikaandika sita. Siku zote za mazoezi haikunijia akilini kuuliza habari ya mabeleshi. Kwetu mtu hufukiwa na watu wake. Kambini nimewafukia wengi kwa mikono hii. Lakini jambo hilo halikuwamo kwenye video, na mimi nilikuwa nikifuata video.

Mjane aliinuka kitini, akaja mpaka usoni pangu.

"Mwanangu, ni chuma hicho kitakachomzika baba yenu?"

Mlinzi hajibu.

"Nakuuliza wewe. Wanaume wanne mmevaa kama bendera, na yeye anafukiwa kama bomba la maji?"

Niliendelea kutazama miti. Ahadi nilimpa marehemu, na marehemu hangeweza kunifungua. Huyu alikuwa hai, amesimama kwenye matope, anangoja. Nilihesabu mpaka nane. Kisha nikainua mkono, na dereva akazima injini.

"Ndugu zangu, vueni glavu."

"Na makoti, shefu?"

"Makoti yabaki. Alitaka heshima yake."

Dereva alituazima mabeleshi mawili. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, na mvua ya usiku ilikuwa imeulowesha. Ulinata kwenye beleshi, kwenye mikono yetu na kwenye makoti. Wawili walifukia, wawili wakapumua, kisha tukapokezana. Ilituchukua dakika arobaini na moja. Mjane alikataa kiti, akawa anatuonyesha kwa kidole mahali ambapo hapajajaa.

Sijui kama nilivunja ahadi. Nimeligeuza jambo hilo mara nyingi, na kila mara nafika mahali tofauti.

Jumatatu mwenye duka la mavazi aliyatandaza makoti mezani, akayakagua mshono kwa mshono. Hakusema neno baya. Alitoza dola sabini kwa kila koti. Wenzangu walitaka kuchanga, nikakataa. Jumla niliyopoteza ni dola mia mbili na themanini.