Ratili Nne

Nanzala alimlea Tomi, mtoto wa memsabu wake, tangu siku aliyozaliwa, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Moiben. Kwa hiyo mwaka wa 1951, memsabu aliposema wanarudi Ulaya na mtumishi mmoja wa kumbeba mtoto atawasindikiza kwa ndege mpaka Nairobi, Nanzala alivaa gauni mbili, sweta na viatu vya kanisani. Nani angemwambia kwamba ndege ndogo ya Eldoret inachagua watu kwa uzito? Walipimwa kwenye mizani ya magunia ya mahindi, na Jepkosgei, msichana wa kufua nguo aliyekuja pekupeku, akawa mwepesi kumshinda kwa ratili nne. Viatu peke yake vilikuwa na uzito huo!

Jepkosgei aliporudi kwa treni, jikoni hakukukalika. Ndege yao ilitua uwanja wa Nairobi West, akasema, lakini ile ya Ulaya ilikuwa inaondokea Eastleigh, basi ikabidi wavuke mji mzima kwa teksi, yeye amempakata Tomi.

Nanzala akasonya. "Teksi! Na wewe ukajiona memsabu."

Jepkosgei akaona amemuudhi, akataka kumtuliza. "Usijali, Mama. Hakulia hata kidogo. Njia nzima alilala kifuani mwangu, na tulipofika akakataa kuniachilia."

Nanzala akageukia sufuria. Ndege na teksi angemwachia Jepkosgei zote, kama tu angesema kwamba mtoto alilia.